Uzoefu wangu na mzinga wa viunzi: pima kiunzi kabla ya sanduku

Ukiletewa mzinga mpya wa viunzi, yaani sanduku la nyuki lililofunikwa juu kwa vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, achana kwanza na sanduku. Ufa mdogo ubavuni nyuki watauziba wenyewe kwa gundi yao. Chukua viunzi kumi, vibananishe mezani, upime upana wa jumla. Kwa nyuki wa Afrika kiunzi kimoja kina milimita 32, kwa hiyo kumi ni 320. Kwa nyuki wa Ulaya, ambao ni wakubwa kidogo, ni 35 na jumla 350. Viunzi vya mzinga ninaouzungumzia hapa vilitoa 336.

Milimita moja na nusu hivi kwa kila kiunzi inaonekana si kitu, lakini nyuki hawapimi kwa kiunzi. Wao hupima nafasi inayotosha migongo miwili kati ya sega na sega, kisha wanaendelea na kipimo hicho hadi mwisho. Ukifika kiunzi cha kumi kosa limefika milimita 16, nusu ya kiunzi, na sega limekaa juu ya kiungo cha viunzi viwili. Ukiinua kimoja unapasua sega, asali inamwagika juu ya majana (mayai na watoto wa nyuki), na kundi linakasirika kwa haki kabisa. Dawa ni kuvipiga randa vyote kabla kundi halijaingia. Baada ya hapo umechelewa. Mbao ziwe zimekauka sawasawa, maana mbao mbichi hupinda na kuacha upenyo wa mwanga juu.

Sanduku lenyewe sina ugomvi nalo. Kuta zimeegemea nje kwa nyuzi 120 kutoka sakafuni, na mteremko huo huwafanya nyuki washikize masega ukutani kidogo kuliko kwenye kuta zilizosimama wima. Kidogo, si kwamba hawashikizi. Kwa hiyo kisu kirefu chembamba ni lazima, na unakata kutoka chini kwenda juu. Ukisukuma kisu kwenda chini unalivuta sega litoke kwenye kiunzi.

Kila kiunzi kinahitaji mstari wa nta katikati, upande wa chini, ili nyuki wajue pa kuanzia. Vyangu vilikuja na mfereji mtupu. Nauyeyushia nta ndani, nabakiza kipande cha sentimita moja au mbili kining'inie. Kirefu zaidi ya hapo hulegea kwa joto na kuanguka kabla hakijajengewa.

Kwenye ukaguzi ndipo mzinga huu unaponipendeza. Viunzi vimegusana, hivyo ukitoa kimoja umefungua upenyo wa kiunzi kimoja tu, na nyuki wengine hawaoni mwanga wala hawapotezi joto lao. Ninaanza upande wa mbali na mlango, kwenye viunzi vitupu, natoa viwili kupata nafasi, kisha nasogeza vilivyobaki kimoja kimoja nikielekea kwenye majana. Moshi mchache unatosha. Sega libaki wima muda wote: ukitaka kuona upande wa pili, lizungushe kama ukurasa wa kitabu. Ukililaza litavunjika, hasa sega jipya jeupe lililojaa asali saa za joto. Kila kiunzi kinarudi kwa mpangilio na mwelekeo uleule, kwa hiyo vipigie namba kwa penseli.

Kundi dogo usilipe sanduku zima. Ubao wa kutenga uliokuja na mzinga huu, unaopunguza nafasi ndani ya sanduku, unakaa vizuri: ninalianzishia viunzi nane hadi kumi, kisha ninausogeza nyuma. Kiunzi kitupu ninakiingiza pembeni mwa majana, au kati ya masega mawili ya majana yaliyonyooka kama kundi ni kubwa. Kukiweka kati ya masega mawili ya asali ni kujitafutia kazi, maana nyuki watayanenepesha ya jirani badala ya kujenga jipya. Na ukichelewa kuongeza nafasi wakati mbochi (maji matamu ya maua) ni mwingi, kundi litagawanyika. Hapa hakuna ghorofa ya kuongeza juu.

Mlango uko upande mmoja mwisho wa sanduku, na hilo nimelipenda. Majana yanakaa karibu nao, asali inarundikana nyuma, kwa hiyo kitenga malkia, wavu wa kumzuia malkia asiende kutaga kwenye asali, sijakihitaji. Wakati wa kurina nachagua masega yaliyofunikwa nta angalau robo tatu, kwa kuwa asali ambayo haijafunikwa bado ina maji mengi na itachacha. Nakata na kuacha ukingo wa sentimita moja kwenye kiunzi, ndio mstari wa kuanzia tena. Sega lenye majana silikati hata likiwa na asali juu.

Ukitoka kwenye Langstroth, mzinga wa masanduku yenye fremu yanayopangwa ghorofa, kuna kitu utakikosa. Fremu zake zina kingo pande nne, unazungusha asali kwenye mashine na kurudisha sega likiwa zima. Huku sega linakamuliwa au kuchujwa, na nyuki wanaanza kujenga upya kwa gharama ya asali. Faida yake ni nta nyingi, pamoja na mgongo wako: unainua sega moja la kilo mbili hivi, si sanduku zima la kilo thelathini na zaidi. Anayehamisha manzuki (mizinga yake yote) kufuata maua asinunue mzinga huu. Barabara mbovu huyaangusha masega.

Kifuniko cha bati ndicho kibaya kuliko vyote. Kimelala moja kwa moja juu ya viunzi na jua lote linashuka kwenye nta. Nimekiinua kwa vipande vya mbao vya sentimita tano ili hewa ipite. Waya za kuning'inizia zinafaa, mradi uzipake grisi kuzuia siafu na ukate majani yanayogusa sanduku, maana jani moja tu ni daraja. Viunzi vitupu vilivyo nyuma ya ubao wa kutenga vikague kila unapofungua. Hapo nyuki hawalindi, na nondo wa nta huanzia hapo.