Tunaonja skonzi za iliki Göteborg: duka dogo la mikate mtaani Haga

Haya watazamaji, karibuni. Leo tuko Göteborg, mji wa pili kwa ukubwa Uswidi, mtaa wa zamani wa Haga, ndani ya duka la mikate lenye meza tano na oveni unayoiona ukiwa kaunta. Jina la duka hatulitaji, maana tutakachokagua hapa mnaweza kukikagua kwenye duka lolote la aina hii.

Kwanza utaratibu. Mlangoni kuna kimashine cha namba, vuta karatasi yako. Ukijipanga kaunta bila namba, watahudumiwa wote waliokuja nyuma yako. Beba kadi, kwa sababu maduka mengi hapa hayapokei noti. Kahawa ya kuchuja mara nyingi unajimiminia mwenyewe, na kikombe cha pili, wanakiita påtår, huwa cha bure au cha nyongeza ndogo. Ulizeni kabla ya kumimina.

Sasa, wageni wakifika Haga hukimbilia ile skonzi ya mdalasini kubwa kama sahani ya pilau. Kwa picha, safi sana. Kwa kula, mgawane watu wanne. Sisi kipimo chetu ni hii hapa ndogo, kardemummabulle, skonzi ya iliki. Mdalasini na sukari nyingi husitiri makosa ya mwokaji, iliki haimsitiri. Na nyie mliokulia mahamri na maandazi mnaijua iliki nzuri kabla haijafika mdomoni.

Angalieni umbo. Unga umesukumwa mstatili, ukapakwa siagi, sukari na iliki, ukakunjwa mara tatu kama barua, ukasukumwa tena kidogo, kisha ukakatwa vipande vya upana wa sentimita mbili. Kila kipande kinasokotwa, kinazungushwa vidole viwili mara mbili, na ncha inafichwa chini. Hii ncha ya kwetu imekaa vizuri. Isipofichwa hufumuka ndani ya oveni, skonzi inainuka upande mmoja.

Naigeuza muone kitako. Rangi ya kahawia, inang'aa kidogo, haijaungua. Hapo ndipo pa kukagua kwanza. Siagi ya kujazia ikiyeyushwa badala ya kulainishwa tu, inachuruzika, inatuama kwenye trei na kukaanga kitako, huku ndani kunabaki pakavu. Siagi inatakiwa iwe laini kama ya kupaka mkate, isimwagike.

Tuichane. Mnaona inavyotoka kwa nyuzi ndefu? Ina maana unga ulikandwa ukakaza kwanza, siagi ikaingia baadaye. Ukitia siagi yote mwanzoni, mafuta yanaizuia ngano kushikana, na utapata kitu kinachomeguka kama keki. Na hivi vidoadoa vyeusi ni mbegu za iliki zilizotwangwa kwa kinu, chengachenga, siyo unga wa kopo. Iliki iliyosagwa zamani harufu yake imeshapaa, na mwokaji akiongeza kiasi ili kufidia, anapata uchungu tu. Juu wamepaka shira ikiwa bado moto, wakanyunyizia sukari na iliki. Tunaipa tisa kwa kumi. Moja tumeikata kwa sababu katikati pamebana kidogo: haikuachwa iumuke vya kutosha mara ya pili. Ukiibonyeza mbichi kwa kidole, alama irudi taratibu. Ikirudi haraka, subiri. Isiporudi kabisa umechelewa, itanywea ikitoka motoni.

Wanaotaka kujaribu nyumbani, andikeni. Unga wa ngano karibu nusu kilo, maziwa ya uvuguvugu mililita 250, siagi gramu 75, sukari gramu 75, hamira kavu gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai, mbegu za iliki zilizotwangwa vijiko viwili vya chai. Maziwa yawe kama joto la mwili; ya moto sana yanaua hamira. Kujazia: siagi gramu 100, sukari gramu 80, iliki vijiko viwili tena. Zinatoka kama 12. Oveni nyuzi 220, dakika 10 hadi 12. Msiogope moto huo. Moto mdogo unazikalisha muda mrefu zikakauka. Kosa la pili ni kuongeza unga kwa sababu mikono inanata. Acheni unate, kanda dakika kumi, utatulia wenyewe.

Ya mdalasini tumeionja pia. Nzuri, saba na nusu. Ina siku yake kabisa, tarehe 4 Oktoba, tangu 1999.

Semla sasa, na tumebahatika, maana ni ya msimu, kuanzia baada ya Krismasi hadi karibu na Pasaka. Ni skonzi ya iliki iliyokatwa kifuniko, ikachimbwa katikati, na chenga zilizochimbwa zikachanganywa na lozi iliyosagwa na sukari pamoja na maziwa kidogo, zikarudishwa ndani. Juu krimu iliyopigwa, kifuniko, sukari ya unga. Krimu isiwe na sukari, utamu umeshawekwa kwenye lozi. Hapa wamepatia, na vipande vya lozi unavitafuna. Kifuniko ndicho kijiko chako. Zamani iliwekwa kwenye bakuli la maziwa ya moto, ikiitwa hetvägg, na mfalme Adolf Fredrik aliifanya ya kufungia mlo mzito mno tarehe 12 Februari 1771, akafariki siku hiyo hiyo. Sisi moja inatutosha.

Keki ya kijani, prinsesstårta, ni sponji, jamu ya rasiberi, kastadi, krimu, na shuka la marzipani. Shuka liwe jembamba. Hili ni nene, linanata menoni, tumeacha nusu. Sita.

Kwa Waislamu na wasiokunywa pombe, sikilizeni hapa. Kile kijiti cha kijani chenye ncha mbili za chokoleti, dammsugare, kwa asili hutiwa punsch, kinywaji cha araki. Baadhi ya maduka hutia ladha tu, mengine hutia chenyewe. Na keki za krimu zinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Swali ni fupi: "Är det alkohol i?", au taja tu neno "gelatin", watakuelewa. Mwenye mzio wa lozi, semla na chochote cha kijani, pita mbali.

Za kubeba: chukueni za iliki asubuhi, kwa sababu jioni zimeshakauka. Zinazobaki zigandishwe siku hiyo hiyo, kisha oveni nyuzi 150 kwa dakika nane hivi. Maikrowevu inazifanya ngumu kama raba zikipoa. Semla haigandishwi, hiyo mmalizie hapa hapa mezani.