Sauti za Wananchi ya Twaweza: takwimu za kuaminika, hitimisho la kusomwa kwa uangalifu

Kwa yeyote anayeandika kuhusu maisha ya Watanzania, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi wa chuo kikuu au diwani anayejiandaa kwa kikao, mihtasari ya Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa njia ya simu unaofanywa na Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, ni miongoni mwa vyanzo vichache vya takwimu za maoni vinavyopatikana bure, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya namna takwimu hizo zilivyokusanywa. Nimeitumia kwa muda mrefu katika kazi ya uhariri. Tathmini hii inahusu jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua thamani ya huduma yenyewe, yaani kama taasisi inayotetea waziwazi haki ya mwananchi kusema inaweza wakati huohuo kueleza bila upendeleo kile ambacho mwananchi huyo amesema.

Utaratibu wake unastahili sifa. Utafiti ulipoanza mwaka 2012, kaya 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kwa sampuli nasibu, mtu mzima mmoja katika kila kaya akateuliwa kwa njia hiyohiyo, na kaya zikapewa simu ya mkononi pamoja na chaja ya nguvu ya jua, ili kijiji kisicho na umeme kisikose kusikika kwa sababu tu betri imeisha. Baada ya hapo wahojaji waliwapigia watu walewale mara kwa mara kuhusu maji, elimu, afya, ulinzi, hali ya uchumi na siasa. Kila muhtasari unaeleza idadi ya waliohojiwa na tarehe za mahojiano, na unatamka kwamba matokeo yanahusu Bara peke yake. Zanzibar haimo, na mwandishi anayeandika "Watanzania wasema" bila kulitaja hilo anaitwisha takwimu mzigo usio wake.

Mfano unaoonyesha ugumu wa kazi hii ni muhtasari wa Julai 2018 kuhusu maoni ya wananchi juu ya siasa. Asilimia 55 ya wahojiwa walisema wanaukubali utendaji wa Rais John Magufuli, ilhali mwaka 2017 walikuwa asilimia 71 na mwaka 2016 asilimia 96. Namba hizo tatu zinaweza kubeba vichwa viwili vya habari, na vyote viwili ni vya kweli: kwamba kukubalika kwa Rais kumeshuka sana katika miaka miwili, na kwamba zaidi ya nusu ya wahojiwa bado wanamkubali. Mtafiti makini analazimika kumpa msomaji tafsiri zote mbili kabla hajachagua ya kuitilia mkazo, na hapo ndipo ninapoona kasoro ya huduma hii. Katika mihtasari mingi majedwali yanafuatwa na hitimisho lenye sauti ya mtetezi, linalowaeleza wenye mamlaka nini wafanye, nalo limechapishwa chini ya nembo ileile na bila jina la mtu. Msomaji wa haraka, na wengi wetu tuko hivyo, huchukua maoni ya taasisi akidhani ni sehemu ya matokeo.

Sisemi kwamba taasisi inyamaze. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na sioni kwa nini mtu apoteze uhuru huo kwa sababu ameajiriwa kuhesabu majibu ya wengine. Yaliyofuata Julai ile yanaonyesha gharama ya kufikiri vinginevyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia Twaweza kuitaka ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na baadaye pasipoti ya mkurugenzi wake wa wakati huo, Aidan Eyakuze, ikazuiwa. Wakati asilimia 96 ilipotangazwa mwaka 2016, barua ya namna hiyo haikusikika. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, na kuchapisha takwimu zinazopotosha au kudhoofisha takwimu rasmi kukawa kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 Bunge likailegeza sheria hiyo. Katika kipindi chote hicho, kitu kilichoilinda Twaweza, kwa maoni yangu, ni kwamba dodoso na data zake zilikuwa wazi kwa yeyote kuzikagua. Anayetaka kupinga asilimia 55 alikuwa na pa kuanzia.

Lipo jambo jingine, ambalo naliona zito kuliko sauti ya hitimisho. Mhojiwa anajua kwamba anayempigia ana namba yake, anaijua kaya yake, na ndiye aliyempa simu. Swali juu ya Rais linapoulizwa katika mazingira ya hofu, sehemu ya majibu inaweza kuwa ya tahadhari. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika ambao wahojaji wake huenda nyumba kwa nyumba na kujitambulisha kwamba hawakutumwa na serikali wala chama, humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani ni nani aliyewatuma, na wengi hujibu serikali hata baada ya kuambiwa hivyo. Jibu hilo humsaidia msomaji kupima yaliyotangulia. Ningependa kuliona swali kama hilo ndani ya mihtasari ya Sauti za Wananchi, karibu na kila jedwali linalogusa viongozi.

Naipendekeza huduma hii bila kusita kwa mambo ya shule, zahanati, maji na bei za vyakula. Kwa mambo ya siasa naipendekeza pia, ila soma majedwali na maelezo ya sampuli kwanza, kisha hitimisho. Kwa Twaweza wenyewe ombi langu ni dogo na linawezekana katika toleo lijalo: hitimisho liwe na ukurasa wake, na chini yake liwepo jina la aliyeliandika.