TAHADHARI: Anayeuza sarafu ya Grace Kelly ya Monaco kwa bei ya kutupa

Ndugu zangu wa sarafu, nimelizwa euro 950, na tapeli mwenyewe bado yuko sokoni. Naandika kabla hajampata mwingine.

Alitangaza ile euro 2 ya Monaco ya mwaka 2007 yenye sura ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wa nchi hiyo, iliyotolewa kukumbuka miaka 25 tangu afariki. Anayekusanya sarafu za vijinchi kama Monaco anaijua: zilitolewa 20,001 tu, na ya halali huuzwa zaidi ya euro 2,000. Yeye alidai kaachiwa na marehemu baba yake, anataka iondoke upesi alipe kodi ya nyumba. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Cha kunishtua nilikiona, nikakipita. Kwenye orodha yake kulikuwa na "seti ya euro za Liechtenstein". Jamani, Liechtenstein haijawahi kutoa euro, wale wanatumia faranga ya Uswisi! Seti hizo hutengenezwa na watu binafsi, si fedha ya nchi yoyote. Nikajiambia labda hajui. Anajua sana.

Pesa alitaka nimtumie kama namtumia rafiki, eti tukwepe makato. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Nilipolalamika kwa waliopitisha malipo nikajibiwa kwamba nilituma kwa hiari yangu, basi.

Mzigo ulifika, kasha zuri kweli. Nikaiweka sarafu kwenye mizani ya sonara: gramu 7.9. Euro 2 ina gramu 8.5. Nikaleta sumaku. Ya kweli huvutwa kidogo katikati tu, pete ya nje haishiki. Hii iling'ang'ania nzima nzima mpaka nikainyanyua hewani. Mwisho nikaugeuza ukingo. Monaco inafuata ukingo wa Ufaransa: tarakimu 2 na nyota mbili, mara sita, moja imesimama, inayofuata kichwa chini. Yangu zote zimesimama upande mmoja kama askari gwaride. Niliilinganisha na euro 2 ya Ufaransa niliyorudishiwa chenji dukani. Hiyo ya mfukoni tu inatosha kuiumbua feki, wala huhitaji mtaalamu.

Akaunti yake akaifunga siku hiyohiyo. Juzi nikaiona picha ileile kwa jina jingine: kitambaa cha bluu, pembeni kimeungua tundu la sigara. Bei sasa ni 1,100. Nikajifanya mteja, nikamwomba aipige picha juu ya karatasi yenye tarehe ya leo. Akaniblock palepale.

Ukitumiwa tangazo lenye kitambaa hicho, usilipe hata senti ya "kushikia". Na kama ulishalipa, niandikie faragha na picha za mazungumzo yenu. Polisi nimeshafungua taarifa, yako tutaiambatanisha.