TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "Live Scenes from New York" yenye jalada la kwanza

Wadau wa muziki wa metali, mtu akikufuata kwa ujumbe wa faragha akakwambia anayo Live Scenes from New York, albamu ya jukwaani ya bendi ya Dream Theater, CD zote tatu, jalada lile lililoondolewa sokoni, soma hapa kabla hujatuma hata senti. Mimi nimeshaliwa.

Kwa wageni, tunalitolea macho jalada hilo kwa sababu moja. Onyesho lilirekodiwa Roseland Ballroom, New York, tarehe 30 Agosti 2000, na albamu ikaingia madukani Jumanne ya tarehe 11 Septemba 2001. Ndiyo, siku ile ile. Jaladani kulikuwa na tufaha linalowaka moto, maana New York huitwa Tufaha Kubwa, na ndani ya miali yake yanaonekana majengo ya jiji, minara miwili ya World Trade Center ikiwemo. Mchoro ulikuwa umekamilika kitambo, ilikuwa sadfa tu, lakini hakuna ambaye angeiacha ile picha rafuni. Albamu ikarudishwa, ikatoka tena baadaye na jalada jingine. Nakala zilizokuwa zimeshachomoka ndizo zinazosakwa mpaka leo. Muziki uliomo ni ule ule. Tunachogombania ni karatasi. Na karatasi kila mwenye printa anaweza kuitoa.

Huyu bwana hadithi hiyo aliijua vizuri kuliko mimi. Alinisimulia mpaka nikasisimka. Nilipomwomba apige picha mpya, aweke kando ya CD kikaratasi chenye jina langu, akasema yuko safarini, mzigo uko kwa dada yake, na kuna mwingine anausubiri. Nilipotaka kulipa kwa njia inayomlinda mnunuzi, akasema ile ina makato, nitume kama ninamtumia ndugu. Nikatuma. Nimekusanya albamu miaka mingi na bado nikaingizwa mjini kama mtoto, kwa hiyo msinicheke sana.

Mzigo ulifika. Kwa mbali, safi kabisa. Nikaweka CD ya kwanza.

Mnaoijua mnajua kwamba hapo ndipo inapoanza Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory, albamu yao ya studio waliyoipiga yote jukwaani, ikimalizikia kwenye CD ya pili. "Regression" inamiminikia kwenye "Overture 1928", nayo inaingia "Strange Déjà Vu" bila kupumua. Kwangu ilipumua! Watu wanashangilia, mara kimya, kama sekunde mbili hivi, halafu kelele zinaanza tena katikati. Kila wimbo hivyo hivyo. Nikaweka ya pili: kwenye "The Spirit Carries On", mwimbaji Theresa Thomason na kwaya wakiwa wamelipandisha jumba zima juu, wimbo unakwisha na shangwe inakatwa kama kwa kisu. Hapo sikuhitaji tena kuambiwa. Hiyo ni CD ya kuchoma: mtu kachukua nyimbo moja moja, kompyuta yake ikaweka kimya kati ya wimbo na wimbo. Albamu ya studio ingeweza kunipita hivi hivi, lakini ya jukwaani haifichi, kwa sababu makofi hayana mwisho wala mwanzo.

Nikaigeuza. Tumbo lake lina rangi ya kijani-bluu, wakati CD ya kiwandani ni fedha tupu. Karibu na tundu hakuna namba yoyote iliyochongwa. CD za kampuni kubwa za miaka ile kwa kawaida zina namba ya kiwanda kwenye duara hilo, pamoja na herufi IFPI zilizochongwa kwa udogo, ukiinamisha kwenye mwanga unaziona. Yangu iko tupu kama sahani. (Ila ukiona rangi ya fedha usitulie hapo hapo, wapo wanaofyatua feki kiwandani. Namba ndiyo ya kufuatilia: ilinganishe na ya mtu mwenye nakala halali.)

Kijitabu nilikitazama kwa lenzi. Uchapishaji wa kiwandani unaonyesha vidoti vya rangi vilivyojipanga kwa mpangilio, na maandishi madogo meusi yana kingo kali. Hiki vidoti vyake vimetawanyika ovyo, na majina ya watunzi yamevimba kama yameloa. Ni picha iliyoskaniwa.

Mwisho nikaingiza nyimbo kwenye programu inayoonyesha masafa ya sauti. CD inaweza kubeba sauti mpaka karibu kilohezi 22. Zangu zote zimekatika kwenye 16, mstari ulionyooka kama umepigwa rula, na hiyo ni dalili ya faili la MP3 lililobanwa sana. Kumbe matoazi ya Portnoy, mpiga ngoma wao, yaliyosikika kama mchanga hayakuwa kosa la spika zangu. Nilikuwa nimeshaanza kuzilaumu.

Nilimwandikia kwa upole. Akajibu kwamba "nakala za mwanzo ndivyo zilivyo, zilitolewa haraka." Uongo mtupu: zilizotolewa na kurudishwa ni CD za kiwandani kama nyingine yoyote. Nikamtumia picha za tumbo la CD, akanifungia. Pesa niliyotuma "kwa ndugu" haina wa kuirudisha.

Anayetaka picha zangu alinganishe, aniulize, nitampa zote, hata ya mstari wa masafa. Jina alilotumia siliandiki kwa sababu halitawasaidia: juzi tangazo limerudi kwa jina jingine, maneno yamebadilishwa kidogo. Picha ni ile ile, na pembeni kwenye kona ya chini kuna kidole gumba chenye plasta. Plasta hiyo hiyo ilikuwemo kwenye picha niliyotumiwa mimi miezi minne iliyopita.