Magongo yangu yakae karibu: usiku wetu wa kwanza wa kubadilishana wenza, Iringa

Naandika kwa ajili ya mwanamke mwenye ulemavu aliyeko Njombe, Mbeya au Makambako ambaye jambo hili analiwaza kimyakimya na hana wa kumuuliza. Mimi nililiwaza miaka miwili. Kila nilichosoma kiliandikwa na watu wazima wa viungo, kwa ajili ya wazima wenzao.

Nina miaka 42, nauza mbao Mafinga. Polio ilinipata mwaka 1985, nikiwa na miaka miwili. Mguu wa kushoto navaa chuma kuanzia pajani hadi kwenye kiatu, natembelea magongo mawili. Tuna miaka 14 ya ndoa. Wazo la kufungua ndoa lilikuwa langu, na nalisema mapema kwa sababu kila aliyetufahamu katika safari hii alidhani ni la mume wangu. Wanamwangalia yeye, wananiangalia mimi, halafu wanamwonea huruma: maskini, anatafuta asichokipata nyumbani. Mume wangu alichukua miezi minane kukubali. Tuliongea usiku hadi usiku, kuna wakati tuliliacha kabisa, na yeye ndiye aliyelirudisha.

Huduma yenyewe inaendeshwa na mke na mume, na jina silitaji kwa sababu usiri ndio tulioulipia. Wanapokea wanandoa tu, wa miaka 25 na kuendelea, na hawakubali aliyemficha mwenzake. Shilingi 150,000 kwa wawili, chakula na malazi ndani. Kwanza mnaongea kwa simu, kisha mnakutana mchana mjini, wanne tu, mahali penye watu. Mkiafikiana ndipo mnaelekezwa nyumba.

Ile simu ya kwanza ndiyo iliyonipa moyo. Yule mama alisalimia "kamwene", tukajuliana hali, kisha akauliza: "Dada, nikusaidie nini ili ukae kwa raha kama wengine?" Hakuuliza nimepatwa na nini. Aliuliza ngazi napanda vipi, choo cha kuchuchumaa nakiweza au siwezi, chuma navua mwenyewe au nasaidiwa, sehemu gani ya mwili inauma ikiguswa. Nimejifungua mara mbili, na kliniki zote nilizopita hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo.

Alikosea moja. Aliuliza kwa upole kama mguu "unasikia". Nikamweleza, na nawaeleza na ninyi: polio huua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ile ya kuhisi huiacha. Nasikia kila kitu. Aliyeumia uti wa mgongo mambo yake ni tofauti. Yeye anaweza asihisi shuka iliyokunjamana chini yake, akaamka na kidonda, na kama ameumia juu, usawa wa kifua au shingoni, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla kwa kuguswa tu au kwa kibofu kilichojaa. Waandaaji wajue tofauti hizi. Yule mama alinyamaza akasikiliza, na nilisikia kalamu yake ikiandika.

Kuhusu afya, hapa sina la kuwalaumu. Sisi watu wa nyanda za juu kusini hatuna ruhusa ya kujidanganya: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wazima nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kila mtu alijipima palepale, mbele ya mwenza wake, na mwenye nyumba akaeleza wazi kwamba kipimo hakioni maambukizi ya wiki chache zilizopita. Kondomu zilikuwa kila chumba na haikuwa hiari. Waliokuwa wakimeza dawa kinga ya VVU walikumbushwa kwamba haizuii kaswende wala kisonono. Niliomba pia ziwepo kondomu zisizo za mpira wa kawaida (lateksi), maana wenzetu waliotumia mipira ya mkojo miaka mingi, baadhi yao mwili hukataa lateksi. Hawakuwa nazo. Wameahidi.

Nyumba iko upande wa Gangilonga. Mlangoni kuna ngazi tatu, nilizipima kwa kamba yangu ya kazini: sentimita 17 kila moja, hakuna pa kushika. Mimi nilipanda. Mwenye kitimwendo angebebwa, na kubebwa mbele ya watu unaotaka wakutamani kunaumiza. Kwa sentimita hizo 51, mteremko unaofaa ungehitaji urefu wa mita sita hivi, na uwanja upo. Choo ni cha kukaa, kikavu, kina taa. Kitanda kilikuwa juu mno, karibu na kiuno changu. Mume wangu alinipandisha, na nisingependa mtu mwingine anipandishe.

Ilikuwa Julai. Anayeijua baridi ya Iringa ya Julai anaelewa, na mguu wa polio damu haizunguki vizuri, unageuka rangi ya zambarau na kuwa wa barafu. Walitaka kunifurahisha wakaniwekea jiko la mkaa chumbani, dirisha limefungwa. Nikaliondosha mara moja. Gesi ya mkaa inaua bila kunusika, na watu huzimia wakidhani wamesinzia. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto vilitosha kabisa.

Tulikuwa jozi tano za wanandoa. Simu zote kapuni, pombe glasi mbili mwisho, nyama choma na chai ya tangawizi, maongezi marefu. Kila jambo linaulizwa kwa mdomo, "hapana" haidaiwi sababu.

Sasa lililoniuma. Tulipohamia chumbani na wanandoa tuliopatana nao, nilivua chuma, nikayaegemeza magongo kwenye ubavu wa kitanda. Yule kaka, kwa wema kabisa, akayachukua akayapanga vizuri kwenye kona, mita nne kutoka nilipo. Moyo ulinienda mbio. Kama ningetaka kuondoka wakati ule, ningelazimika kuomba. Ridhaa yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani na mimi nimelala. Nikasema, "Kaka, yarudishe." Akayarudisha haraka, akaomba radhi, kisha akauliza: "Na chuma nacho kikae wapi?" Swali hilo la pili ndilo lililofanya usiku uendelee. Yaliyofuata ni yetu. Nasema tu kwamba nilitamaniwa bila kuhurumiwa, na sikumbuki mara ya mwisho mtu asiye mume wangu kuniangalia hivyo.

Asubuhi dada mmoja alinishika mkono akaniambia mimi ni jasiri. Alimaanisha mema. Nilimwambia yeye pia amekuja, mbona hajiiti jasiri? Iringa hii tuna Neema Crafts tangu 2003, watu wenye ulemavu wanafanya kazi, viziwi wanahudumia mkahawani, na mji umezoea. Umezoea kutuona tukifanya kazi. Kwamba tuna miili inayotaka, hilo bado linawashtua hata waliofungua ndoa zao.

Tahadhari moja kwako dada unayesoma. Kama mwenza wako anakupeleka ili "apate na wewe usilalamike", usiende. Na kama wewe unakubali kwa kuwa unajiona una deni kwake, usiende pia. Uchovu wa polio nao unaweza kurudi utu uzimani, misuli iliyobeba miaka arobaini inachoka, kwa hiyo weka siku nzima ya kupumzika baada yake. Mimi nilipanda basi la saa mbili asubuhi kurudi Mafinga, kilomita themanini hivi, na nilijuta njia nzima.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja iko kwenye ngazi na kitanda. Nilimpigia yule mama nikamweleza yote, la magongo pia, na sasa limekuwa sharti linalosomwa mlangoni: kifaa cha mtu hakiguswi, hakisogezwi. Kitanda amekata miguu. Tunarudi Oktoba, na vishikio vya ngazi nimeshavipasua mwenyewe, paini ya mbili kwa nne, vimekauka, vinasubiri gari la kwenda Iringa.