Silikoni Iliyokula Antena Yangu: Uzoefu Wangu na Duka Moja la Vifaa vya Ujenzi Dodoma

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, kwa sababu antena niliyoitengeneza kwa mikono yangu imelala uani hapa Nkuhungu, na aliyeiua si jua la Dodoma wala mvua, bali ni kile kile nilichouziwa ili kiilinde.

Ni antena ya waya wa shaba, urefu wa mita 12 na ushei, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo inayoshuka hadi sebuleni, nami niliipima hivyo kwa ajili ya kusikiliza redio ya Zanzibar kwenye masafa mafupi, kilohezi 11735. Kabla mvua za Desemba hazijaanza nilikwenda duka moja mjini kutafuta silikoni ya kuziba kile kiungio cha katikati. Nilimsalimu kijana wa kaunta, nikamweleza kazi yenyewe, nikamuuliza kama silikoni aliyonayo inafaa kwa shaba. Salamu hakuitikia. Alinisukumia tyubu huku macho yake yakiwa kwenye simu, akasema, "Silikoni ni silikoni, mzee."

Si kweli hata kidogo. Ipo silikoni inayonuka siki wakati inakauka, na harufu hiyo ni asidi halisi inayotoka ndani yake. Kwenye kioo na vigae haina shida, lakini ikifungiwa pamoja na shaba inaitafuna. Ipo nyingine isiyotoa asidi, ndiyo inayofaa kwa nyaya. Ile harufu ya siki niliisikia siku nilipopaka, nami sikujua maana yake, kwa hiyo nikajaza lile kopo linalofunika kiungio hadi juu nikiamini kwamba ninafanya kazi nzuri.

Miezi michache baadaye sauti ilianza kukatika kila upepo ulipovuma, kisha ukabaki mkwaruzo mtupu. Niliishusha antena, nikapasua silikoni kwa wembe. Ndani hapakuwa na hata tone la maji. Palikuwa na uji wa kijani ulioganda kuzunguka waya, lehemu ilikuwa imegeuka ya kijivu na kuachia upande mmoja, na ule wavu wa nyuzi unaozunguka kebo ulikuwa mweusi. Nilipougusa kwa ukucha ulikatika na kumwagika kiganjani kama majani makavu ya chai.

Nilirudi dukani na kile kipande. Kijana yule yule alikitazama kwa mbali, akaniambia bidhaa ikishafunguliwa hairudi, kisha akaongeza, "Mzee, si usikilize redio kwenye simu tu?" Watu walikuwa wamejaa kaunta. Mimi sikumuuliza ushauri wa namna ya kusikiliza redio.

Nilikusudia kuandika kwamba bidhaa yenyewe haina kosa, na kwa haki ni lazima niseme kwamba tyubu hiyo hiyo ilibaki kidogo, nikazibia kioo cha dirisha la jikoni, na tangu hapo halijavuja. Kwa dirisha ningeisifu. Hata hivyo kila nikiligeuza lile ganda la tyubu silioni neno lolote la Kiswahili linalomwonya mnunuzi kuhusu shaba, na kwa sababu hiyo naifuta nusu ya sifa niliyoitoa. Aliyeiweka sokoni na aliyeiuza bila kuijua wote wamenitia hasara.

Safari hii sitajaza kitu ndani ya kopo. Nitalehemu upya, nitazungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe ikivutwa, nikianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie uliotangulia kama mabati ya paa, kisha juu yake nitaweka tepu nyeusi ya umeme ipokee jua. Kebo nitaiachia kitanzi chini ya kiungio ili maji yadondokee hapo, na chini ya kopo nitatoboa tundu dogo la kutolea unyevu.

Tatizo ni kebo. Nimekwishakata mita nzima kutoka kwenye kiungio, na kila ninapomenya ganda lake, wavu ndani bado ni mweusi.