Kununua erika: tazama jani kabla ya ua

Novemba ya mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilinunua makopo matatu ya erika, vichaka vyenye maua ya waridi yaliyosongamana kama shanga. Mimea ya jamaa hiyo niliwahi kuiona Kilimanjaro, pale msitu unapoishia, nikafurahi kukutana nayo dukani. Sakitu ya Januari ilipopiga, yote ilikauka, na nilipoigusa, vijani vilipukutika kama majani ya chai. Lebo niliisoma siku hiyo: Erica gracilis, mmea wa Afrika Kusini usiostahimili sakitu. Kila vuli huwekwa meza moja na ndugu zake wanaoweza baridi. Kama unataka mmea wa miaka, huo uuache.

Chaguo langu la kwanza ni Erica × darleyensis, chotara cha Erica carnea na Erica erigena, kilichopatikana katika kitalu cha Darley Dale, Derbyshire, mwishoni mwa karne ya 19. Hufika kama nusu mita, huchanua miezi ya baridi hadi Aprili, na udongo wenye chokaa kidogo haukisumbui. Hilo la chokaa ndilo linalokifanya kiwe cha kwanza, kwa sababu wengi wetu hatujui tuna udongo gani. Ukitaka maua ya waridi iliyokolea, tafuta ‘Kramer's Rote’. Meupe, ‘White Perfection’. Februari jua likitoka kidogo tu, utasikia nyuki wanavuma humo wakati bustani nzima bado imelala.

Cha pili ni mzazi wake, Erica carnea, wa milima ya Alps. Ni mfupi, sentimita 20 hivi, hutambaa, na chokaa anaivumilia vizuri. Mwenye kibaraza au chungu tu amchukue huyu. ‘Springwood White’ hufunika ardhi upesi.

Cha tatu ni Calluna vulgaris, ndugu wa karibu wa Erica, ile inayoipaka zambarau milima ya Scotland mwezi wa Agosti. Ni nzuri mno, ila inataka udongo wenye tindikali, la sivyo majani yanageuka njano na mmea unadhoofika. Nunua kwanza kipimo cha pH, yaani cha tindikali ya udongo. Kikisoma zaidi ya 6.5, ipande kwenye chungu chenye udongo uliochanganywa kwa ajili ya mimea ipendayo tindikali na uimwagilie maji ya mvua. Zile za buluu au za rangi ya chungwa inayowaka zimepuliziwa rangi, mimi sizinunui.

Kuzitofautisha ni rahisi, ukilisogeza tawi karibu na jicho. Calluna ina vijani kama magamba, viwili viwili vikitazamana, vimelaliana hadi tawi linaonekana limesukwa. Erica ina majani kama sindano, yamezunguka kijiti matatu au manne kila pingili. Ua halitakusaidia sana, maana yote yana vikengele vidogo.

Nafasi ya nne nimempa Erica arborea, japo moyoni ndiye wa kwanza, kwani ni spishi ile ile ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Maua yake meupe hunukia asali, na kutokana na kivimbe cha shina lake huchongwa viko vya kuvutia tumbaku. Lakini hupita mita mbili, na upepo wa baridi humuumiza. Anataka ukuta wa kumkinga.

Kabla ya kulipa, utoe mmea kwenye kopo. Mizizi iwe myembamba kama nywele na udongo uwe na unyevu. Ikiwa imejizungusha ikawa bonge gumu, au shina ni kavu katikati, urudishe. Ukifika nyumbani panda mitatu au mitano pamoja, sentimita 40 hivi kati yake, na mwaka wa kwanza usiiache ikauke. Punguza kila mwaka: zinazochanua wakati wa baridi, maua yakiisha tu, Calluna mwezi wa Machi. Kata penye majani mabichi; ukishuka hadi kwenye ukuni mtupu, kwa kawaida hauchipui tena.